Chatu Hazoeshwi kwa Paka

Wadogo zangu wa Kamakis, mnanitafutia presha. Mmoja wenu anakaa kwenye fleti karibu na Eastern Bypass, ana paka, ana sungura wawili kwenye veranda, na sasa amepewa mtoto wa chatu. Anauliza atamzoesha vipi na wenzake.

Hutamzoesha. Na kabla hatujafika huko, kibali kiko wapi? Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu umfuge bila kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, na "nimepewa tu" si kibali. Kama huna, wasiliana nao wamchukue. Usiende kumtupa vichakani usiku. Majirani wana kuku, wana watoto.

Wenye kibali, tuendelee.

Chatu hunusa kwa ulimi, na kandokando ya mdomo ana vishimo vinavyohisi joto la mwili. Paka akijilaza mbele ya kizimba, chatu anapata joto na harufu ya chakula, basi. Akitulia mkononi mwako pia usijidanganye ni mapenzi. Hana njaa wala hofu kwa wakati huo. Akianguliwa ana karibu nusu mita, akikua anaweza kupita mita 4, na hapo sungura ni mlo, paka ni mlo. Kwa sasa, akiwa mdogo, wa kuogopwa ni paka: meno na kucha zake huingiza bakteria ndani, na kidonda unachokiona kidogo juu kinaoza chini ya magamba. Hata yule nyoka wa nyumba wa kahawia, mla panya asiye na sumu, paka humfanya mchezo.

Umetoka kulisha sungura? Nawa kwa sabuni kabla hujafungua kizimba, maana kwa chatu mkono unaonuka sungura ni sungura. Usimshukie kutoka juu, ndivyo mwewe wanavyomjia. Mguse kwanza katikati ya mwili, mbali na kichwa, ajue si chakula kilichofika, kisha mbebe kwa mikono miwili bila kuacha mwili uning'inie. Akishakula, mwache siku mbili, la sivyo atatapika. Macho yakiingia ukungu wa samawati, anakaribia kujivua gamba, haoni vizuri na ni mwepesi wa kuuma, mwache pia. Ukishamrudisha nawa tena, kwa sababu ya salmonela. Na akipita mita 2 na nusu, usimshike ukiwa peke yako nyumbani. Sitaki ubishi hapo.

Kizimba kiwe na kufuli. Jiwe juu ya kifuniko halitoshi, chatu ana nguvu na ana usiku kucha wa kusukuma. Kikae kwenye chumba ambacho paka haingii, mlango umefungwa. Halafu mwambie mwenye ploti mapema, kabla keateka hajaingia kutengeneza mfereji unaovuja.