Dondoo muhimu: Bima ya yoti kuukuu kabla ya kuvuka bahari

Tangu kimbunga Irma kilipovunja mamia ya yoti visiwani Karibi, Septemba 2017, kampuni za bima zimekaza masharti. Anayeumia zaidi ni mwenye chombo cha miaka 30 au 40.

Aanze kwa mkaguzi. Yoti hupandishwa nchi kavu, naye hugongagonga mwili wa faiba kwa nyundo ndogo: mlio mkali ni dalili njema, mlio uliofifia huashiria maji au tabaka zilizoachana. Hutazama pia nyaya za chuma zinazoshikilia mlingoti, na hapa ndipo maombi mengi hukwama, kwa kuwa kampuni nyingi hutaka zibadilishwe kila baada ya miaka 10 hivi. Risiti za matengenezo zitunzwe pamoja na picha.

Fomu ijazwe kwa ukweli mtupu. Ajali ya zamani iliyofichwa yaweza kubatilisha bima siku ya msiba.

Mkataba wa thamani iliyokubaliwa ni bora, maana chombo kikizama hakuna kukatwa uchakavu. Asome pia mipaka ya safari, idadi ya mabaharia inayotakiwa, na mahali chombo kinaporuhusiwa kukaa msimu wa vimbunga vya Atlantiki, 1 Juni hadi 30 Novemba.

Akinyimwa bima kubwa, aombe ile ya kufidia madhara kwa wengine. Marina nyingi hazipokei chombo kisicho nayo. Aulize kama inalipia kuondoa mabaki ya chombo kilichozama, kwani gharama hiyo yaweza kupita bei ya yoti yenyewe.