Msalaba kwenye sarafu ya amiri Mwislamu

Katika masomo ya historia ya Uislamu tunafundishana kwamba mambo mawili ndiyo yaliyomtambulisha mtawala: jina lake kutajwa katika khutba ya Ijumaa, na jina lake kuandikwa kwenye sarafu. Kanuni hiyo ni sahihi kwa jumla. Lakini kuna dola moja ndogo ya Waturuki ambayo kila tukiifikia darasani huzusha mjadala, nayo ni Aydin.

Dola hii ilizuka magharibi mwa Anatolia mwanzoni mwa karne ya 14, baada ya nguvu za Waseljuki kuvunjwa na Wamongolia katika vita vya Köse Dağ mwaka 1243. Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa, alimtembelea amiri wake, Mehmed Bey, mjini Birgi. Mwanawe, Umur Bey, aliuawa mwaka 1348 akipigania kuikomboa bandari ya Izmir, ambayo wanajeshi wa msalaba waliiteka mwaka 1344.

Basi katika dola hiyohiyo, mjini Ayasoluk, ilipigwa sarafu ya madini ya fedha iliyoiga gigliato ya Naples. Upande mmoja ameketi mfalme wa Kikristo kwenye kiti cha enzi. Upande wa pili kuna msalaba uliopambwa kwa maua ya yungiyungi, na maandishi ya Kilatini yanayosema imetengenezwa Theologos (jina la Kikristo la mji huo) kwa amri ya bwana wa mahali hapo. Hakuna shahada, wala jina la amiri. Majirani zao, Saruhan na Menteshe, walifanya vivyo hivyo. Wakati huohuo Orhan bin Osman alikuwa amekwishapiga Bursa, mwaka 727 Hijria (1327), akçe yake ndogo ya gramu moja na kidogo, yenye shahada na majina ya makhalifa wanne.

Kwa nini? Wafanyabiashara wa Venice na Genoa walikuja kununua ngano, shabu, farasi na, kwa masikitiko, watumwa. Gigliato ndiyo waliyoiamini.

Wapo wanaokimbilia kuhukumu. Hao wakumbuke kwamba dirhamu za Waislamu wa mwanzo kule Iraq na Uajemi zilikuwa na sura ya mfalme wa Kisasani na madhabahu ya moto, na bismillahi pembeni, wakati Masahaba wengi wangali hai. Ni Khalifa Abdul-Malik bin Marwan aliyeziondoa, mwaka 79 Hijria. Na Wakristo nao? Wanajeshi wa msalaba wa Akka waliiga sarafu za Kiislamu, jina la Mtume (s.a.w.) likiwemo, mpaka mjumbe wa Papa alipokemea mwaka 1250. Mwaka uliofuata wakapiga dirhamu za Kiarabu zenye maneno ya Kikristo.

Hata hivyo sioni kwamba mambo haya ni sawa. Abdul-Malik alikuwa na dola iliyoweza kuwalazimisha wengine wapokee sarafu yake. Amiri wa Aydin alikuwa na bandari tu, na mnunuzi ndiye aliyechagua sarafu.

Bayezid aliitwaa Aydin mwaka 1390, Timur akairejesha mwaka 1402, na Murad II akaimaliza katika miaka ya 1420. Msikiti alioujenga Isa Bey wa ukoo huo mwaka 1375 ungali umesimama hapo Ayasoluk, ambapo leo panaitwa Selçuk.