Heksani: Manufaa na Hatari za Kiyeyushi cha Mafuta

Heksani ni kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu inayokaribiana na ya petroli. Hutokana na mafuta ghafi, na kila molekuli yake huundwa na atomu 6 za kaboni na 14 za haidrojeni. Haichanganyiki na maji, bali huelea juu yake. Lakini huyeyusha mafuta na grisi kwa urahisi. Aidha, huchemka kwenye nyuzi 69 za sentigredi, ilhali maji huchemka kwenye nyuzi 100.

Sifa hizo mbili, yaani kuyeyusha mafuta na kugeuka mvuke upesi, ndizo zilizoipa nafasi viwandani. Mbegu za soya au pamba zikikamuliwa kwa mashine peke yake, mashudu hubaki na mafuta ya asilimia 5 au zaidi. Heksani ikipitishwa katika mbegu zilizopondwa, mafuta yanayosalia huwa kiasi cha asilimia 1 tu. Kisha mchanganyiko hupashwa moto. Heksani huondoka kama mvuke, mafuta yakabaki. Mvuke hupozwa na kutumiwa tena. Heksani hutiwa pia katika baadhi ya gundi za viatu, ili zikauke haraka.

Hata hivyo, wepesi huo wa kugeuka mvuke ndio chanzo cha hatari. Mvuke wa heksani ni mzito kuliko hewa takriban mara 3. Kwa hiyo hutambaa chini na kujikusanya mashimoni, na cheche moja hutosha kuulipua. Tarehe 13 Februari 1981, heksani iliyovuja kutoka kiwanda cha soya mjini Louisville, Marekani, iliingia katika mabomba ya maji machafu, ikalipuka na kubomoa barabara kadhaa.

Hatari ya pili haina kishindo. Mtu avutapo mvuke huo kwa muda mrefu, mwili huigeuza heksani kuwa kemikali inayoharibu mishipa ya fahamu. Kwanza vidole hufa ganzi. Baadaye misuli hulegea. Katika miaka ya 1960, maradhi hayo yaliwapata mafundi wa makubadhi nchini Japani, waliotumia gundi yenye heksani majumbani mwao.

Karakana ya viatu yafaa basi iwe na matundu ya hewa karibu na sakafu, mikebe ya gundi ifunikwe, na moto uwekwe mbali. Fundi aonaye ganzi aiache gundi hiyo na kumwona daktari mapema, kwani mishipa iliyoharibika huchukua miezi mingi kupona, na pengine isipone kabisa.