Mlima Haujahama

Somo: 1 Wafalme 19:1–8



Mume wangu anafanya kazi Mombasa. Jioni moja nilimpigia, nikaambiwa mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena. Kufika saa tatu usiku nilishaamini ameniacha. Nikamtumia matusi, nguo zake nikazitupa uani. Asubuhi akapiga: simu ilikuwa imeisha chaji tu.

Haikuwa mara ya kwanza. Yaani asubuhi kwangu alikuwa malaika, jioni adui. Daktari alinieleza kwamba nina hali iitwayo bodalaini: hisia zinawaka haraka, zinachelewa kupoa, na hofu ya kuachwa inapiga kelele kuliko ukweli. Wengine waliniambia ni pepo, wengine kwamba sina imani. Mimi naomba, na kliniki pia naenda.

Mtazame Elia. Ametoka kuona moto ukishuka Karmeli, kisha kwa tisho la Yezebeli anaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha, akalala tena, akamlisha tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule Horebu.

Somo ni hilo: mwili utulie kwanza, maneno baadaye. Hata Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha tiba ya hali hii, alisema hadharani mwaka 2011 kwamba ujanani naye alilazwa hospitali kwa mateso kama haya. Msaada upo.

Mimi nafanya hivi:

1. Naweka simu chini. Naosha uso kwa maji baridi, nakaa, napumua polepole.

2. Nataja kinachoniuma: "Naogopa kuachwa." Hiyo ni hofu, si habari.

3. Tumepatana mapema. Akichelewa ananitumia neno moja, "nipo". Nikizidiwa nasema, "nipe nusu saa", halafu narudi kweli, na nikikosa naomba msamaha.

Bado naanguka, lakini nguo hazijatupwa uani tena.

Ndugu, ukifika pale alipofika Elia, pa kutamani kufa, usikae peke yako. Mwite mtu usiku huohuo, akupeleke hospitali.

Asubuhi nyingi wingu hufunika kilele cha Kasigau. Hakuna mtu hapa Rukanga anayesema mlima umehama. Tunasubiri jua.

Tuombe: Bwana, hofu ikinifunika macho, nifundishe kusubiri kabla sijasema. Amina.