Nilinunua na Alinunuaka: Kiambishi -ak- katika Mazungumzo ya Wapenzi wa Muziki, Bungulu

Mwanafunzi wa Kiswahili sanifu hufundishwa kwamba mazoea huonyeshwa kwa hu-: husoma, huimba, hucheza. Lakini hu- haikai pamoja na -li-. Anayetaka kusimulia mazoea yaliyokwisha hulazimika kutumia maneno mawili: tulikuwa tukisikiliza. Kiswahili kinachosemwa Beni kina njia fupi zaidi, kiambishi tamati -ak-, na mtu anasema tu tulisikilizaka. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanakihusisha na umbo la kale -ag-, ambalo katika lugha nyingi za jamii hiyo bado linaonyesha tendo linaloendelea au kujirudia. Shuleni kiambishi hiki hupigwa wino mwekundu. Mimi nilitaka kukisikia mahali pasipo na mwalimu, nikakifuata kwa wazee wapenzi wa muziki katika komini ya Bungulu, mjini Beni.

Wazee hawa hukutana Jumapili mchana, kila mmoja na kile alichobakiwa nacho: santuri (wao wanasema disiki), majalada yasiyo na kitu ndani, kaseti, picha za vijana waliovaa suruali pana. Wengi wao walikua na Zaïko Langa Langa, kundi lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, ambalo liliacha tarumbeta na saksafoni na kuweka mbele gitaa na ngoma. Kama kuna muziki uliowafanyia vijana wa Zaïre kile ambacho roki iliwafanyia vijana wa Uingereza, ni huo, pamoja na ugomvi na wazazi. Waliobaki ni watu wa Franco na OK Jazz. Pande hizi mbili bado hazijapatana, na sioni dalili.

Niliwarekodi kwa simu, kwa ruhusa yao. Nilitazamia kusikia -ak- kila mahali, na kweli masimulizi ya ujana yamejaa -ak-: "Siku ya Mungu tulivalaka muzuri." "Papa alinikatazaka, mimi niliendaka tu." Kisha mzee mmoja alitoa kwenye mfuko wa plastiki santuri ya Mario, ambayo Franco na TPOK Jazz waliitoa mwaka 1985, akaanza kusema kwa namna nyingine: "Hii disiki nilinunua Butembo. Nililipa na pesa ya kahawa. Bibi yangu alikasirika." Wimbo wenyewe ni juu ya kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri na mali, na bibi, kwa maneno ya mzee, alitaka kujua somo hilo lilikuwa la nani. Katika kisa chote hicho hakuna -ak- hata moja. Aliporudisha santuri mfukoni, -ak- ilirudi: "Mario tulisikilizaka kila mangaribi."

Mtu anaweza kupinga kwamba -ak- inaonyesha umbali wa wakati, si mazoea. Katika baadhi ya Viswahili vya Kongo inafanya kazi hiyo pia. Lakini hapa msemaji ni mmoja na kipindi ni kimoja. Kama umbali ndio ungekuwa sababu, ununuzi wa santuri nao ungebeba -ak-. Hata hivyo kuna mfano unaonisumbua: mzee mwingine alisema "nilimuonaka Franco", na alikiri kwamba alimwona mara moja tu maishani. Sina budi kuukubali kama ulivyo. Kwa mzee huyo, maana zote mbili zinaishi katika umbo moja.

Jambo ninaloweza kulitetea ni dogo zaidi: kitu kikiwa mkononi, -li- inasimama peke yake. Jalada lina maandishi, lina duara la kikombe cha chai, lina jina la mwenye mali kwa kalamu ya Bic. Vyote hivyo ni matukio ya mara moja. Tukio la taifa linaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Hakuna aliye na santuri ya Indépendance Cha Cha, lakini African Jazz ya Joseph Kabasele iliitoa Brussels mwanzoni mwa 1960, wakati wa mkutano wa Meza ya Duara, na wanaokumbuka wanasema: "Watu walitoka inje, walicheza." Wimbo huo una tarehe yake bila msaada wa sahani.

Nyimbo nyingine hazina bahati hiyo. Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni yameleta mjini familia nyingi kutoka vijijini, zikiwa na godoro, sufuria na watoto. Santuri ni nzito na huvunjika. Mama mmoja anayekuja kusikiliza tu, mkono mtupu, aliniambia juu ya sanduku la marehemu mume wake lililobaki kijijini: "Alinunuaka, alipangusaka, alikatazaka mutoto aguse." Nilimuuliza ni ipi aliyonunua kwanza, na wapi.

"Mwana, zote alinunuaka."

Kununua santuri fulani ni tendo la mara moja, na mzee wa Mario alilisema hivyo. Kwa mama huyu hata kununua kumekuwa mazoea, kwa sababu hakuna sahani ya kuutenga ununuzi mmoja na mwingine. Anayetaka kuandika ni muziki gani ulifika Beni, lini na kwa njia ya nani, hapa ameshafika ukingoni, ingawa shahidi yu hai na ana akili timamu.

Ndiyo maana sikubaliani na desturi yetu ya kusanifisha mahojiano tunapoyanukuu. Nilimpa mwenzangu darasani rekodi hiyo ainukuu, bila kumweleza ninachotafuta. Alifanya kazi safi, kama tulivyofundishwa, na kwenye karatasi yake imeandikwa: "Alizinunua zote." Anayesoma karatasi hiyo atadhani mama anajua siku. Nimeomba nakala za kazi za miaka iliyopita zilizonukuliwa kwa utaratibu huo, na kwa sasa naanza na zile ambazo kaseti zake bado zinasikika.