Namba 61,741,120 na Vigawo Vyake

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, watu waliolala nchini Tanzania walihesabiwa, na jumla yao ikawa 61,741,120. Mpangaji wa maendeleo aweza kuikadiria namba hii kuwa milioni 62. Mwanahisabati hana ruhusa hiyo, kama tutakavyoona.

Tuanzie hapa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Mkoa huu ulikuwa na watu 1,892,502. Jumla ya tarakimu hizo ni 27, nayo 27 hugawanyika kwa 9. Basi namba nzima hugawanyika kwa 9. Sababu ni kwamba 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa 9, hubakiza 1.

Sasa tuichambue namba ya taifa. Kwa kugawanya kwa 2 mara sita, kisha kwa 5 na kwa 7, tunabakiwa na 27,563. Kipeuo chake cha pili ni takriban 166, hivyo hatuna haja ya kujaribu namba tasa iliyo kubwa kuliko 166. Tukifika 43, inagawanyika, na jibu ni 641. Hii ni namba tasa: hakuna namba tasa yoyote, kuanzia 2 hadi 23, inayoigawanya. Kwa hiyo:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Namba 641 ni mashuhuri. Mwaka 1640 Fermat wa Ufaransa aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba 641 ni kigawo chake. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili bila kugawanya:

(a) 641 = 5⁴ + 2⁴. Zidisha kwa 2²⁸: 641 ni kigawo cha 5⁴ × 2²⁸ + 2³².

(b) 5⁴ × 2²⁸ = 640⁴, na 640⁴ − 1 = (640 − 1)(640 + 1)(640² + 1). Hivyo 641 ni kigawo cha 5⁴ × 2²⁸ − 1.

Toa (b) katika (a): 641 ni kigawo cha 2³² + 1.

Je, kuna siri ya taifa katika 641? La. Lau mtoto mmoja zaidi angalihesabiwa, jumla ingalikuwa 61,741,121, na vigawo tasa vyote vitano vingalitoweka, kwa maana namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika ila 1. Katika milioni 62 mtoto huyo haonekani. Katika hisabati ya namba kamili, yeye peke yake hubadili kila kitu.

Zoezi: Wanaume walikuwa 30,053,130. Onyesha kwamba 3 ni kigawo cha namba hii, lakini si cha jumla ya watu wote. Kisha, bila kuitafuta idadi ya wanawake, thibitisha kwamba 3 haiwezi kuwa kigawo chake.