Mwanzo Mbovu na Hukumu ya Meneja: Hoja za Mashabiki wa Washington Nationals, 2019

Utangulizi

Methali mbili za Kiswahili zinakinzana waziwazi kuhusu jambo moja. Ya kwanza yasema kuwa siku njema huonekana asubuhi. Ya pili yashikilia kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Anayeiamini ya kwanza huukadiria mwisho kwa kuutazama mwanzo, ilhali anayeiamini ya pili hukataa kuhukumu kabla ngoma haijakolea. Wanafunzi wa fasihi simulizi wameuzoea ukinzani huu, na aghalabu huambiwa kwamba kila methali ina muktadha wake. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi, kwa kuwa hayasemi mtu ashike methali ipi akiwa ndani ya kisa ambacho mwisho wake haujajulikana. Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia mjadala wa mashabiki wa besiboli jijini Washington, Marekani, mwaka wa 2019, ambapo timu yao ya Nationals ilianza msimu vibaya na wengi wao wakataka meneja Dave Martinez afutwe kazi.

Kwa kuwa besiboli haina wafuasi wengi Afrika Mashariki, yafaa mambo machache yafafanuliwe kwanza. Timu mbili hupokezana zamu tisa za kupiga. Mrushaji humrushia mpigaji mpira, naye mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo na kukimbia kutoka kituo hadi kituo. Akiuzunguka uwanja na kurudi alikoanzia, timu yake hupata alama. Mrushaji aliyeanza mchezo huchoka, na hapo warushaji wa akiba huingia mmoja baada ya mwingine. Akishatolewa, harudi tena uwanjani siku hiyo. Kanuni hiyo ndogo ndiyo chimbuko la ugomvi mwingi wa mashabiki. Aidha, ikumbukwe kuwa anayeitwa meneja katika besiboli ni yule ambaye katika kandanda angeitwa kocha; kazi ya kusajili wachezaji ni ya mtu mwingine, meneja mkuu, ambaye wakati ule alikuwa Mike Rizzo. Msimu wa kawaida una mechi 162 kwa kila timu, na huchezwa karibu kila siku kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Shabiki, kwa hivyo, huamka na kesi mpya karibu kila asubuhi.

Mshtakiwa na mashtaka yake

Martinez aliajiriwa mwishoni mwa mwaka wa 2017. Hakuwa amewahi kuwa meneja wa timu ya ligi kuu. Alikuwa msaidizi wa Joe Maddon, kwanza Tampa Bay na baadaye Chicago. Mtangulizi wake, Dusty Baker, alikuwa ameshinda mechi 95 mwaka wa 2016 na 97 mwaka wa 2017, lakini hakupewa mkataba mpya kwa sababu timu ilitolewa katika raundi ileile ya mtoano iliyokuwa imeishinda pia miaka ya 2012 na 2014. Baadhi ya mashabiki walimpokea Martinez wakiwa tayari na kinyongo ambacho hakukisababisha. Msimu wake wa kwanza uliishia kwa ushindi wa mechi 82 na kushindwa mara 80. Kabla ya msimu wa pili kuanza, nyota wa timu, Bryce Harper, alihamia Philadelphia.

Kuna jazanda moja katika kisa hiki ambayo mwanafunzi wa fasihi hawezi kuipita bila kusimama. Mwezi wa Februari mwaka wa 2018, Martinez alileta ngamia wa kweli katika kambi ya mazoezi. Kiingereza kina usemi unaofananisha kikwazo na nundu, na anayefaulu husemekana ameivuka. Nundu ya Nationals ilikuwa ile raundi ya mtoano. Mswahili anaweza kushangaa kuona mnyama mzima akisafirishwa kwa ajili ya fumbo ambalo kila mtu alikwisha kulifumbua, lakini hilo si hoja. Hoja ni kwamba maana ya ngamia wale haikuwa katika ngamia wenyewe. Timu inaposhinda, meneja wa aina hiyo huitwa mcheshi anayejua kuliwaza kundi. Inaposhindwa, huitwa mtu wa mizaha aliyekosa mbinu. Ishara ni ileile, na kinachobadilika ni jedwali la matokeo.

Kufikia tarehe 23 Mei 2019, jedwali hilo lilikuwa la kutia uchungu: mechi 50, ushindi 19, kushindwa 31. Trea Turner alikuwa amevunjika kidole mapema Aprili na kukosa wiki kadhaa. Anthony Rendon na Juan Soto nao walikaa nje kwa muda kutokana na majeraha. Warushaji wa akiba walikuwa wakiruhusu alama kwa kiwango cha kuogofya, na mapema Mei kocha wa warushaji, Derek Lilliquist, aliondolewa. Waliomtetea Martinez waliyataja majeraha. Waliompinga walijibu kwamba majeraha hayamchagulii meneja ni nani wa kumtoa na ni nani wa kumwingiza katika zamu ya nane.

Zamu ya nane

Hapa ndipo mjadala ulipokuwa mzito zaidi, na ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini. Tarehe 22 Mei, ugenini dhidi ya New York Mets, Max Scherzer alirusha zamu sita bila kuruhusu alama, kisha akapumzishwa Nationals wakiongoza 1–0. Katika zamu ya nane warushaji wa akiba waliuharibu mchezo wote. Hata Sean Doolittle, aliyekuwa tegemeo la kufunga michezo, aliingia na kupigwa vibaya. Mets walishinda 6–1. Kesho yake Nationals waliongoza tena katika zamu ya nane, 4–3. Carlos Gómez akampiga Wander Suero pigo lililouvusha mpira ukuta na kuleta alama tatu. Mchezo uliisha 6–4. Martinez mwenyewe hakuwapo kuushuhudia mwisho huo kutoka kwenye benchi, kwani mwamuzi alikuwa amemfukuza kwa kubisha.

Shtaka la mashabiki lilikuwa rahisi kulitamka: alimtoa mrushaji aliyekuwa akifanya vyema. Linasikika kama kanuni, lakini halina uthabiti wa kanuni. Mwaka wa 2003, katika mechi ya saba ya fainali ya ligi ya Marekani, Grady Little wa Boston Red Sox alifanya kinyume chake. Alimwacha Pedro Martínez aendelee katika zamu ya nane timu ikiongoza 5–2; Yankees wakasawazisha na hatimaye wakashinda katika zamu ya kumi na moja. Little hakupewa mkataba mpya, na mashabiki wa Boston walilitaja jina lake kwa uchungu kwa muda mrefu. Mmoja alimtoa mrushaji wake, mwingine akamwacha, na wote wawili walihukumiwa kwa lugha moja. Ni dhahiri, basi, kwamba kilichokuwa kikihukumiwa si uamuzi bali matokeo yake, na kwamba shabiki huzungumza kana kwamba matokeo hayo yalikuwa yameandikwa usoni pa mrushaji saa ile meneja alipotoka kwenda kumtoa.

Lugha ya mashabiki inausaidia uzito wa hukumu hizo. Swali la balagha ndilo silaha yao kuu: ni nani asiyeona kuwa mtu huyu amechoka? Swali la namna hiyo haliombi jibu. Linamtenga msikilizaji asiyekubali na kumweka upande wa vipofu. Sentensi zao za masharti nazo hujengwa kwa -ngali-: angalimwacha, tungalishinda. Sharti lisilotimia haliwezi kupimwa, na kwa sababu hiyo halishindwi kamwe katika ubishi.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kudai kwamba wakosoaji hawakuwa na lao. Ugonjwa waliouona ulikuwepo kweli. Hadi msimu ulipoisha, warushaji wa akiba wa Nationals walikuwa wameruhusu wastani wa zaidi ya alama tano na nusu kwa kila zamu tisa, kiwango kibovu mno kwa timu yenye ndoto ya ubingwa. Martinez hakuuponya ugonjwa huo, aliuzunguka. Mwezi wa Oktoba aliwategemea watu wachache tu, akiwaingiza hata warushaji wake wa kuanza kama Scherzer, Stephen Strasburg na Patrick Corbin katikati ya michezo, pamoja na Doolittle na Daniel Hudson aliyesajiliwa mwishoni mwa Julai. Wakosoaji walikuwa sahihi kuhusu kidonda. Walichoshindwa kuthibitisha ni kwamba dawa ilikuwa kumfukuza meneja.

Mwisho unaouandika mwanzo upya

Baada ya siku ile ya New York, Nationals walishinda mechi 74 na kushindwa 38. Walimaliza na 93–69, wakaitoa Milwaukee, wakaivuka nundu yao dhidi ya Los Angeles Dodgers kwa pigo la Howie Kendrick katika zamu ya kumi, wakaifagia St. Louis mechi nne kwa bila. Tarehe 30 Oktoba waliishinda Houston Astros 6–2 katika mechi ya saba na kutwaa ubingwa. Kinaya ni kwamba usiku huo aliyeshtakiwa kwa kumtoa mrushaji mapema alikuwa meneja wa Houston, A. J. Hinch: alimtoa Zack Greinke baada ya mirusho 80 akiwa bado anaongoza 2–1, na Kendrick akampiga Will Harris aliyeingia badala yake.

Tangu hapo 19–31 imekuwa tarakimu ya fahari jijini Washington. Husimuliwa kama jaribu la shujaa, sehemu ya lazima ya safari, ilhali mwezi wa Mei haikuwa sehemu ya safari yoyote. Ilikuwa hasara tupu. Wale waliosema mwanzo wa ngoma ni lele wanaonekana leo kama waliojua, ingawa hawakuwa na ushahidi bora kuliko wenzao.

Kisa cha Philadelphia kinauvuruga mpangilio huo. Mwaka wa 2022 Phillies walikuwa na ushindi 22 na kushindwa 29, hali inayokaribiana sana na ile ya Nationals. Wao hawakusubiri. Tarehe 3 Juni walimfuta kazi Joe Girardi na kumpa Rob Thomson timu, naye akashinda mechi 65 na kushindwa 46, kisha akaifikisha timu kwenye fainali kuu ambako walishindwa na Houston. Msimulizi wa Washington husema subira ililipa. Msimulizi wa Philadelphia husema ujasiri wa kufukuza ulilipa. Kila mmoja ana ushahidi kamili wa kisa kimoja. Wala haitoshi kusema kwamba ukweli uko katikati, kwa sababu hapakuwa na uamuzi wa katikati: meneja hubaki au huondoka.

Martinez alibaki miaka mingine sita. Baada ya ubingwa ule hakupata tena msimu hata mmoja ambao timu yake ilishinda zaidi ya ilivyoshindwa. Mwaka wa 2022 walipoteza mechi 107. Tarehe 6 Julai 2025, timu ikiwa na 37–53, yeye na Rizzo walifutwa kazi pamoja. Miguel Cairo alikabidhiwa mechi 72 zilizosalia, akashinda 29.